Gari Linapochemka na Kiyoyozi Kinapogoma: Utambuzi wa Hitilafu na Lugha ya Dalili

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika uga wa ufundi wa magari, usemi huu una mashiko makubwa, kwani ni nadra sana injini kuharibika bila ya kutanguliza ishara. Mshale wa joto hupanda kidogo kuliko ilivyo ada. Maji hupungua katika chupa ya akiba. Hewa ya kiyoyozi hupoteza ubaridi wake gari linaposimama kwenye msongamano. Aghalabu, tatizo si uhaba wa ishara hizi bali ni uhaba wa watu wanaozisoma na kuzieleza inavyostahili.

Hali ilivyo katika gereji nyingi ni kwamba mwenye gari hufika akasema, "Gari linachemka," au, "AC haifanyi kazi," kisha akanyamaza. Fundi, kwa kuwa hakupewa zaidi ya maneno hayo, hulazimika kubahatisha. Leo hubadilisha themostati, kesho pampu ya maji, kesho kutwa hufungua kichwa kizima cha injini. Kila anapobahatisha, gharama humwangukia mwenye gari, ilhali hitilafu ya awali husalia pale pale. Kwa dereva wa teksi, au kwa mwenye matatu moja inayolisha jamaa nzima, kubahatisha kwa namna hii si usumbufu tu. Ni mtaji unaoteketea.

Makala haya yananuia kueleza jinsi joto linavyosafiri ndani ya gari, namna ya kutambua kiini cha kuchemka kwa injini na cha kugoma kwa kiyoyozi, na sababu ya hitilafu hizi mbili kustahili kuchunguzwa kwa pamoja. Aidha, yatadokeza nafasi ya lugha katika shughuli hii, kwa maana utambuzi wa hitilafu huanza kwa masimulizi kabla ya kuanza kwa spana.

Mfumo wa Kupoza Injini

Injini ya petroli huunguza mafuta ili izae nguvu, lakini si nguvu yote inayofika kwenye magurudumu. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa mwendo, theluthi nyingine hutoka na moshi kupitia ekzosi, na theluthi iliyosalia hubaki kama joto ndani ya chuma cha injini. Joto hilo la mwisho lisipoondolewa, vyuma hutanuka, oili hupoteza utelezi wake, na hatimaye injini hukwama.

Kazi ya kuliondoa hufanywa na maji yaliyochanganywa na kulanti. Pampu huyasukuma kupitia mifereji iliyomo ndani ya injini, yakabeba joto, yakatoka kwa mpira wa juu na kuingia kwenye rejeta. Humo hupita katika vijibomba vyembamba vinavyopulizwa na upepo wa mwendo au wa feni, yakapoa, kisha yakarejea injinini kwa mpira wa chini. Baina ya injini na rejeta huwekwa mlinzi aitwaye themostati. Huyu ni vali yenye nta ndani yake. Injini inapokuwa baridi, vali hufunga njia ya rejeta ili joto la kazi lifikiwe upesi. Joto linapofika kati ya nyuzi 82 na 88 za sentigredi katika magari mengi, nta huyeyuka na kutanuka, vali ikafunguka.

Kiungo kinachodharauliwa zaidi katika mfumo huu ni kifuniko cha rejeta. Wengi hukichukulia kuwa kizibo tu, ilhali ni vali yenye kazi mbili. Kwanza, hushikilia shinikizo ndani ya mfumo ili maji yasichemke mapema. Pili, injini inapopoa, huruhusu maji yaliyokuwa yamefurika katika chupa ya akiba yarudi kwenye rejeta. Umuhimu wa shinikizo hilo hudhihirika zaidi katika nchi kama Kenya, ambapo barabara moja huanzia ufuoni na kuishia nyanda za juu. Mjini Mombasa, maji yasiyofunikwa huchemka katika nyuzi 100. Nairobi, iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji hayo hayo huchemka katika nyuzi 94 hivi, na Limuru huchemka mapema zaidi. Injini nyingi hufanya kazi katika nyuzi 90 au zaidi kidogo. Kwa hiyo, pasipo shinikizo, gari lililo zima kabisa laweza kuchemka Nairobi katika joto lake la kawaida. Kifuniko kizuri hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Kifuniko kilicholegea humnyima dereva akiba hiyo yote, naye akaanza kushuku pampu, rejeta na gasketi.

Swali la "Lini?"

Fundi stadi hatangulizi swali la kipi kimeharibika. Hutanguliza swali la wakati: gari huchemka lini? Jibu la swali hili hupunguza washukiwa kuliko chombo chochote cha kupimia.

Gari likichemka linaposimama kwenye msongamano kisha likapoa linapokwenda kasi, mshukiwa mkuu ni feni. Katika mwendo, upepo huifanyia feni kazi yake. Gari likisimama, ubovu wake hufichuka. Feni ya umeme yaweza kukwamishwa na mota iliyoungua, fyuzi, relei, waya uliokatika au kihisi cha joto kisichotoa amri. Kuna jaribio rahisi: katika magari mengi, kiyoyozi kikiwashwa feni huanza kuzunguka papo hapo au baada ya muda mfupi. Isipozunguka, uchunguzi una pa kuanzia.

Gari likiwa tulivu mjini lakini likachemka linapokwenda kasi au linapopanda mlima, mathalani kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru likiwa na mzigo, feni huondolewa lawama. Hapa injini inazalisha joto jingi kuliko linavyoweza kuondolewa. Huenda rejeta imezibwa na kutu au chumvi kwa ndani, au na vumbi na wadudu kwa nje. Huenda themostati inafunguka nusu. Huenda mapanga ya pampu yameliwa na kutu. Au huenda mpira wa chini umelegea kiasi cha kufyonzwa na kubanwa wakati pampu inapovuta maji kwa nguvu. Upungufu wa maji pia hujitokeza kwanza katika hali hii.

Gari likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, themostati iliyokwama ikiwa imefungwa hushukiwa kabla ya kingine chochote. Dalili yake ni kwamba mshale umepanda ilhali mpira wa juu wa rejeta ungali baridi. Ni rahisi kulithibitisha hili: themostati hutolewa, ikatumbukizwa katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na maji yakachemshwa. Iwapo haifunguki katika nyuzi zilizochapwa juu yake, imekwisha. Ikumbukwe pia kwamba hewa iliyonaswa ndani ya mfumo baada ya maji kubadilishwa huweza kuleta dalili inayofanana na hii.

Yafaa kutaja hapa desturi iliyokita mizizi katika gereji nyingi, ya kuitoa themostati na kuitupa kwa madai kwamba nchi hii ni ya joto na kifaa hicho kiliundiwa nchi za baridi. Dai hili si sahihi. Pasipo themostati, injini huchelewa kufikia joto lake, ikanywa mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Isitoshe, katika baadhi ya injini themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji pindi joto linapopanda. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka injinini bila ya kupitia kwenye rejeta, na gari lililotarajiwa kupoa likazidi kuchemka.

Maji Yanayopotea

Endapo maji hupungua kila wiki, yanakwenda mahali fulani. Mfumo huu umefungwa, nao hauna haki ya kuyatumia. Mvujo wa nje hutafutwa kwenye mipira, kwenye maungio ya rejeta na chini ya pampu, ambako kulanti iliyokauka huacha alama ya chumvi yenye rangi. Fundi mwenye vifaa hufunga pampu ndogo ya mkono mahali pa kifuniko, akajaza shinikizo la kiwango cha kifuniko hicho injini ikiwa baridi, kisha akatazama mshale. Ukishuka, kuna mvujo. Zulia la mbele likilowa na vioo vikaingia ukungu wenye harufu tamu, mvujo umo katika rejeta ndogo ya hita, nyuma ya dashibodi.

Mvujo wa ndani ndio wa kuogofya zaidi. Gasketi iliyo kati ya bloku na kichwa cha injini ikiungua, maji huingia penye moto na moto huingia penye maji. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata joto, oili iliyogeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa, viputo visivyokwisha kwenye mdomo wa rejeta, na mpira wa juu unaokuwa mgumu kama jiwe muda mfupi baada ya injini baridi kuwashwa. Dalili moja peke yake haitoshi kutoa hukumu. Moshi mweupe asubuhi ya Julai huko Nyahururu huweza kuwa ni mvuke tu. Ndiyo maana hutumika jaribio la kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta: gesi za mwako zikipenya humo, buluu hugeuka kuwa manjano. Jaribio hili huchukua dakika chache, ilhali kufungua kichwa cha injini huchukua siku na fedha nyingi.

Kuhusu kulanti, inafaa ieleweke kwamba si dawa ya kuzuia barafu pekee. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji safi hupandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 106 hivi katika usawa wa bahari, na la muhimu zaidi, huzuia kutu. Maji ya kisima, hasa yale ya chumvi ya sehemu za pwani, huacha magamba ndani ya vijibomba vya rejeta na kula vyuma vyepesi vya injini. Dereva anayejaza maji hayo kila siku huwa anajenga hitilafu yake ya mwakani.

Kiyoyozi na Safari ya Joto

Watu wengi hudhani kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi. La hasha. Kiyoyozi hulihamisha joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi ikawa na shinikizo kubwa na joto kali. Gesi hiyo huingia kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, ikapulizwa na upepo, ikapoteza joto na kugeuka kuwa kimiminika. Kisha hupita kwenye kikausho na kufika kwenye vali nyembamba, ambapo shinikizo hushuka ghafla. Kimiminika hicho huchemka ndani ya evapureta, nyuma ya dashibodi, na katika kuchemka kwake hufyonza joto la hewa inayopulizwa kwa abiria.

Hewa inapopozwa namna hiyo huacha unyevu wake juu ya evapureta, ukatiririka chini ya gari. Dereva wa Mombasa anayeona kidimbwi cha maji safi chini ya gari lake mchana wa Februari hana sababu ya kufadhaika. Kidimbwi hicho ni ushahidi kwamba kiyoyozi kinafanya kazi. Wasiwasi unafaa pale maji hayo yanapomwagika miguuni pa abiria, kwani ni ishara kwamba mrija wa kuyatoa umeziba.

Katika kiyoyozi pia, dalili hutofautiana kwa namna inayoelekeza. Iwapo hewa haitoki kabisa, kosa halimo kwenye gesi. Hutafutwa kwenye fyuzi au kwenye feni ya ndani. Iwapo feni hiyo huzunguka katika kasi ya juu pekee, kipingamizi cha umeme kinachopunguza kasi yake ndicho kilichoungua. Hewa ikitoka kidogo katika kasi zote, chujio la hewa la ndani hukaguliwa kwanza. Mara nyingi limejaa vumbi na majani.

Iwapo hewa inatoka lakini si baridi, kompresa husikilizwa. Katika magari mengi, swichi ikibonyezwa, klachi ya sumaku iliyo kwenye kompresa hulia "tak" na kushika. Isiposhika, huenda gesi imepungua kiasi kwamba swichi ya shinikizo imeizuia ili kompresa isijiharibu, au kuna fyuzi, relei au waya wenye kasoro. Ikishika na kuachia upesi upesi, gesi iliyopungua hushukiwa zaidi. Iwapo ubaridi huanza vyema kisha hewa ikafifia baada ya safari ndefu, yamkini evapureta imeganda barafu; kiyoyozi kikizimwa kwa dakika kadhaa na hewa ikarudi, dhana hiyo hupata nguvu.

Geji mbili za fundi huongeza ushahidi. Shinikizo la pande zote mbili likiwa chini, gesi haitoshi. Upande wa chini ukiwa juu na upande wa juu ukiwa chini, kompresa imechoka. Pande zote zikiwa juu, ama gesi imezidishwa ama kondensa haipati upepo wa kutosha.

Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ingawa hupungua kidogo sana kwa miaka kupitia mipira na maungio, gesi inayoisha kila baada ya miezi michache inavuja. Kuijaza upya bila ya kutafuta tundu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Mvujo huacha doa la oili penye maungio, kwa kuwa gesi husafiri pamoja na oili ya kompresa. Zaidi ya hasara kwa mwenye gari, kuna madhara kwa mazingira. Gesi ya R12 iliachwa katika magari mapya kwenye miaka ya 1990 kwa kuharibu tabaka la ozoni, kufuatia Mkataba wa Montreal wa mwaka wa 1987. Iliyoirithi, R134a, haiharibu ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo moja ya kabonidioksidi. Ni kwa ajili ya gesi za jamii hiyo ambapo mataifa yalikutana mjini Kigali, Rwanda, mwaka wa 2016 na kukubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Baadhi ya mafundi hujaza gesi ya kupikia badala yake. Hatari yake haihitaji maelezo marefu: gesi hiyo huwaka, na evapureta imo ndani ya chumba wanamoketi watu.

Undugu wa Mifumo Miwili

Kiyoyozi na mfumo wa kupoza injini hutenganishwa katika fikra za wengi kwa sababu kimoja huonekana anasa na kingine uhai. Kimuundo, hata hivyo, ni ndugu wa karibu. Kondensa imewekwa mbele ya rejeta, hivyo joto linalotoka ndani ya gari hupulizwa moja kwa moja juu ya rejeta. Feni zao ni zile zile. Kompresa huongeza mzigo wa injini na hivyo huongeza joto lake. Aidha, magari mengi yameundwa kuikata kompresa pindi joto la injini linapokiuka kiwango. Kiyoyozi kinachozimika chenyewe mlimani, basi, huenda hakina kosa lolote, kinapiga mbiu.

Pachukuliwe mfano wa dereva anayesafiri kutoka Mombasa hadi Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 480. Kwenye msongamano wa Changamwe, kiyoyozi kinapuliza hewa vuguvugu. Anapofika Mariakani na kushika kasi, ubaridi unarudi. Anapita Voi na Mtito Andei salama salimini. Jioni, katika msongamano wa Mlolongo, mshale wa joto unapanda hadi penye rangi nyekundu na mvuke unafoka. Dereva huyu atamwambia fundi kwamba injini imechemka ghafla. Fundi wa kwanza ataongeza gesi kwa sababu ya malalamiko ya kiyoyozi. Wa pili atatoa themostati. Wa tatu atatamka neno "gasketi". Ilhali Changamwe palikuwa pamekwisha kutoa jibu. Ubaridi unaopotea gari likisimama na kurudi likienda ni dalili ya feni isiyozunguka, na feni ile ile ndiyo iliyoiacha injini bila ya upepo Mlolongo. Relei ndogo iliyoungua ingalinunuliwa kwa fedha kidogo katika maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Sasa, kwa kuwa injini imechemka kweli, huenda gasketi nayo imeungua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hatua za Dharura

Injini ikianza kupata joto kupita kiasi, dereva huzima kiyoyozi, akawasha hita hadi mwisho na kufungua madirisha. Hita ni rejeta ndogo. Huiondolea injini sehemu ya joto lake. Mshale usiposhuka upesi, au mvuke ukionekana, gari huegeshwa mahali salama na injini kuzimwa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto. Maji yaliyobanwa katika nyuzi 110 hugeuka mvuke mara tu shinikizo linapoondoka, yakamfokea usoni anayekifungua. Subira ya nusu saa au zaidi huhitajika. Vilevile, maji baridi hayamwagwi kwenye injini yenye moto, kwa kuwa kichwa chake huweza kupinda au kupasuka.

Baadhi ya magari madogo yaliyoagizwa yakiwa yametumika kutoka Japani hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu inayoashiria injini baridi na taa nyekundu inayoashiria hatari. Dereva wa gari la aina hii hana onyo la kati kwa kati. Taa nyekundu ikiwaka, muda wa kutafakari umekwisha. Fauka ya hayo, mshale unaoshuka ghafla hadi penye baridi wakati gari lipo safarini si habari njema. Maji yakikauka, kihisi hubaki hewani na kutoa taarifa ya uongo, huku chuma kikizidi kuungua.

Lugha ya Dalili

Mjadala huu unawahusu wanalugha moja kwa moja. Msamiati wa gari katika Kiswahili umejengwa kwa matabaka. Usukani ulitoka kwenye vyombo vya baharini ukaingia garini. Bomba lilitoka kwa Kireno. Rejeta, gasketi, kompresa na breki zilitoholewa kutoka Kiingereza na mafundi wenyewe, bila ya kungoja kamati. Upungufu, kwa hivyo, hauko katika nomino. Uko katika matumizi ya vitenzi, na vitenzi ndivyo vinavyobeba dalili.

Kupata moto si kuchemka. Injini hupata moto kila siku, ndiyo kazi yake. Kuchemka ni kwa maji yaliyokiuka mpaka. Kutona si kuvuja, na kuvuja si kufoka: la kwanza ni tone baada ya tone, la pili ni mtiririko, la tatu ni maji yanayosukumwa na shinikizo. Gari "linalokunywa maji" bila ya kulowesha ardhi humwelekeza fundi ndani ya injini, ilhali gari "linalotona" humwelekeza nje. Kiyoyozi "hakipulizi" na kiyoyozi "hakipozi" ni maradhi mawili tofauti yenye matabibu wawili tofauti. Aidha, njeo na hali zina uzito wake. "Linachemka" hueleza jambo lililopo sasa. "Huchemka" hueleza mazoea. "Lilichemka" huenda ni tukio la mara moja. Dereva anayesema, "Gari huchemka likisimama, hupoa likienda," ametoa katika sentensi moja nusu ya uchunguzi mzima, naye hakuhitaji istilahi hata moja ya kigeni.

Hitimisho

Imebainika kwamba kuchemka kwa injini na kugoma kwa kiyoyozi si mafumbo. Joto lina njia yake, na kila kizuizi katika njia hiyo huacha alama inayoweza kusomwa na mwenye kuuliza gari liliugua lini, wapi na katika mwendo gani. Imebainika pia kwamba kiyoyozi mara nyingi hutoa onyo kabla ya injini, na kwamba kulipuuza onyo hilo ndiko kunakogeuza gharama ya relei kuwa gharama ya injini.

Kwa upande wa lugha, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana shamba ambalo halijalimwa vya kutosha. Miongozo ya magari mengi humfikia dereva wa Kenya ikiwa kwa Kiingereza, na mingine kwa Kijapani, ilhali mazungumzo mengi ya kuyatengeneza magari hayo hufanyika kwa Kiswahili, chini ya jua, baina ya fundi na mteja. Mwanalugha atakayekwenda gerejini na daftari, akasikiliza jinsi mafundi wanavyotofautisha mlio na mlio, moshi na moshi, atakuwa amekusanya istilahi zilizo hai na kumsaidia dereva kusema kinachomsibu kabla mfuko wake haujaisha. Mficha uchi hazai. Na gari lisiloelezwa vyema halitengenezeki.